Mkia Upo

Machi 3

Kesho naanza kazi ya kuwa mkia.

Mama amelicheka jina hilo tangu mchana. Kazi yenyewe ni hii: Mjomba, kaka yake Mama, anaongoza wageni kwenye njia ya msituni. Njia ni nyembamba, kwa hiyo watu hutembea mmoja nyuma ya mwenzake na Mjomba hutangulia. Nyuma kabisa lazima awepo mtu wa kuhakikisha hakuna aliyebaki akipiga picha ya uyoga au akifunga kamba za viatu. Huyo ndiye mkia. Mkia wa zamani amepata kazi ya udereva, basi nafasi ni yangu mpaka mvua ziishe.

"Mtoto amemaliza shule," Mama alimwambia Mjomba mezani, nami nimekaa papo hapo kama kabati, "na sidhani kama kuna mwalimu anayeijua sauti yake. Akikaa ndani ataota ukungu."

Mjomba alinitazama juu ya kikombe. "Mkia haongei sana. Maneno mawili tu."

Nimeyapenda hayo maneno mawili. Naandika kwenye daftari la Jiografia ambalo halikuisha. Kurasa za mwanzo zimejaa mito.

Machi 4

Maneno mawili yamenishinda.

Utaratibu ni kwamba kila njia inapokata kona, Mjomba husimama na kuita, "Mkia?" Mkia anajibu, "Mkia upo." Jibu lisipofika, hakuna anayesogea. Mjomba hurudi mwenyewe, akiupita mstari mzima hadi mwisho, kwa sababu kimya maana yake kuna mtu amebaki.

Kona ya kwanza akaita. Nikajibu. Tukasimama. Tukaendelea kusimama. Kisha nikaiona kofia yake ikirudi, ikimpita mgeni mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika mbele yangu.

"Umemeza ulimi?"

"Nimejibu, Mjomba."

"Umemjibu nani? Hiyo ni sauti ya sisimizi."

Wageni walicheka, si kwa ubaya. Kona ya pili mambo yakawa yale yale. Kona ya tatu pia. Tulipofika juu hakuna aliyekuwa ananijua kwa jina lingine: Sisimizi, njoo tupige picha. Sisimizi, una maji?

Niandike na mazuri. Njia inaanzia langoni, penye kibanda cha tiketi, inapanda chini ya miti mikubwa ambayo mizizi yake imejitandaza kama ngazi, inavuka kijito kwa mawe ya kukanyagia, halafu inapanda tena hadi mahali ambapo miti inaachana ghafla na bonde lote liko chini yako, mashamba, ziwa, mabati yanayong'aa. Mahali hapo panaitwa Dirishani. Nilisahau aibu yangu kwa muda mrefu kidogo nilipokuwa pale.

Machi 5

Mvua. Hakuna mgeni.

Machi 7

Nimefanya mazoezi ya sauti nyuma ya jiko, mbele ya kuku. "Mkia upo." Kuku hawakujali. Nikaongeza. Nikaongeza tena.

Jirani akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Tumesikia, mama, upo. Sasa tuache tulale."

Machi 8

Bado Mjomba amerudi nyuma mara nne.

Machi 12

Mama wa tiketi ni mnene, mcheshi, na kibanda chake kinanukia tangawizi kwa sababu ya chai anayoinywa kutwa. Leo amenipa kikombe na kunihadithia sifa za Mjomba. Anasema wageni wengi huja kwa ajili ya masikio yake. Anaweza kusimama ghafla, akainua kidole, na wote wakanyamaza. Ndipo ndege aanze kuimba, kana kwamba alikuwa anangoja ruhusa.

"Wanasema alimsikia chui akipiga miayo," akasema.

"Kweli?"

"Mimi nakwambia wanavyosema. Chui mwenyewe sijamuuliza."

Nimeyaona masikio hayo yakifanya kazi. Baada ya kijito kuna mti wenye shina lililopasuka. Mjomba husimama hapo, hushika ukingo wa kofia na kunong'ona, "Sikilizeni. Kurumbiza huyo." Na kweli, siku moja kurumbiza aliimba juu yetu mpaka mgeni mmoja akafuta machozi. Nilijivunia kuwa mpwa wake. Nikajiuliza pia: mtu anayesikia ndege aliyejificha majanini, kwa nini asinisikie mimi? Labda sauti yangu ina ubovu wa aina yake.

Machi 15

Ruba wawili ndani ya soksi. Nimejibu kwa kupayuka mpaka kikohozi kikanishika. Amerudi nyuma vilevile.

Machi 19

Leo nimemchukia Mjomba. Naandika haraka kabla sijaanza kumwonea huruma.

Alirudi nyuma kona ya mwinuko, mvua ikinyesha, na akanisema mbele ya watu. "Kama hutaki kazi, sema. Lakini kusema ndiko kunakokushinda." Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, mgeni mwenye koti la njano, akaingilia kwa upole, "Bwana, mimi nimemsikia vizuri. Hata yule wa mbele amegeuka."

Mjomba hakumjibu. Hakumtazama hata. Aligeuka akarudi mbele, na yule mzee akabaki mdomo wazi.

Mgeni, tena mzee anayestahili heshima, ananitetea, wewe unampuuza? Nimekula chakula cha jioni bila kuinua macho. Naye alikula bila kuinua yake.

Machi 24

Kuna jambo.

Leo, kabla ya kijito, hondohondo wawili walipita juu yetu. Anayewajua atanielewa: mabawa yao yana sauti kama mtu anayekung'uta mkeka. Mstari mzima uliinua vichwa. Mjomba peke yake aliendelea kutembea, akitazama mizizi.

Tukavuka. Tukafika kwenye mti uliopasuka. Mjomba akasimama, akashika ukingo wa kofia. "Sikilizeni. Kurumbiza huyo."

Tukasikiliza. Yalikuwa yakidondoka matone. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na chochote. Wageni waliinamisha vichwa kwa adabu, mama mmoja akafumba macho, mwenzake akamnong'oneza, "Umemsikia?" naye akajibu, "Kwa mbali." Mjomba alikuwa anatabasamu, ameinua uso kwenye matawi, akisikiliza.

Nilipata baridi isiyokuwa ya mvua.

Machi 25

Mjomba ni mjane. Chumba chake kinaelekeana na chetu, kuvuka ua, na redio yake huifungua kwa nguvu hadi mtaa wote unapata taarifa ya habari bila kuwasha umeme wao. Tumeizoea kiasi kwamba sikuwahi kujiuliza.

Jioni nimempelekea chai. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipiga gundi soli ya buti, mgongo kwa mlango. Nilizima redio kwanza. Hakugeuka.

"Mjomba, chai," nikasema kwa sauti yangu ya kawaida.

Kisha kwa sauti ya mazoezi.

Kisha kwa sauti iliyomuudhi jirani.

Aliendelea kupaka gundi, taratibu, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikazunguka na kuweka kikombe mbele yake. Akashtuka mpaka gundi ikamwagika.

"Wewe binti unanyemelea watu kama paka."

Nikamwambia samahani. Nikafungua tena redio, ile ile sauti kubwa, nikatoka.

Machi 26

Niseme ukweli hapa kwa kuwa hakuna wa kunisoma. Kitu cha kwanza nilichohisi jana ni furaha. Sauti yangu ni nzima. Tangu darasa la kwanza nimeambiwa ongea, paza, tunong'onee na sisi, na mwezi huu wote nimeamini nina kasoro kooni. Kumbe nilikuwa nasikika. Niliuvuka ua nikitabasamu.

Kisha nikamkumbuka ameinua uso kwenye matawi.

Machi 27

Nimemuuliza Mama. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Nimeona," akasema. "Alishika msumeno wa mashine miaka mingi, akikata miti iliyoanguka njiani, bila kuziba masikio. Msumeno ule unapiga kelele hata ukiuzima unaendelea kuusikia kichwani."

"Kwa nini hatumwambii?"

"Nani amwambie? Wewe?"

Nikachukua kanga, nikaanza kukunja naye.

"Akishajulikana, Mhifadhi wa msitu atamtoa njiani. Tangu mke wake afe, mwanangu, ile njia ndiyo iliyobaki. Ukimtoa kule, unabaki na nini? Unabaki na viatu." Akaliweka shati la Mjomba juu ya mengine, akalipapasa. "Mficha maradhi kilio humfichua, najua. Lakini kilio hicho kisitoke mdomoni mwangu."

Wala mwangu, basi.

Aprili 2

Nimepata njia. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono. Mjomba akiita "Mkia?" najibu, na wakati huohuo nainua mkono juu kabisa. Leo aliuona. Akaitika kwa kichwa, akaendelea. Hakurudi nyuma hata mara moja.

Aprili 5

Hatujasemezana kitu, lakini sasa kila kona ananitafuta kwa macho kabla hajaita. Nami nimeongeza. Nikisikia ndege, nashika sikio langu na kuelekeza upande. Yeye anainua kidole, wageni wananyamaza, na ndege anaimba. Watu wanashangaa masikio yake.

Leo Dirishani mawingu yalikuwa chini yetu, halafu yakafunguka kidogokidogo na bonde likatoka limeoshwa. Mbega wakaja kwenye mti wa pembeni, jike na kichanga cheupe kabisa. Nilimgusa Mjomba kiwiko. Alitazama kichanga, akanitazama mimi, na akanikatia nusu ya mkate wake. Tulikula bila neno. Nadhani mimi na yeye ni watu wa aina moja, na hili silijui nimeligundua lini.

Aprili 9

Mhifadhi, ambaye ndiye mkuu wa msitu huu, amepita langoni na buti zake safi. Amesema mvua za juu mlimani ni kubwa kuliko za huku chini, tuchunge kijito. Amenitazama. "Huyu ndiye Sisimizi? Anaongea?"

"Siku akianza," mama wa tiketi akajibu, "utatafuta pa kujificha."

Aprili 12

Mvua.

Aprili 13

Mvua. Daftari limenyonya unyevu, wino unatambaa.

Aprili 15

Mvua. Mjomba ameshona upya mkoba wake. Redio inatangaza mvua, kana kwamba hatujui.

Aprili 17

Nataka kuandika leo leo.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, ila ukungu ulikuwa mzito. Walikuja wauguzi wastaafu, wanawake waliofanya kazi wodi moja maisha yao yote, wamevaa kofia zinazofanana. Kiongozi wao wanamwita Sista. Ana miwani minene na hatua za askari.

"Babu, njia yako ina miinuko?" alimuuliza Mjomba.

Mjomba alikuwa anamtazama mdomo. "Ipo kidogo."

"Sisi tumesukuma machela na watu wazito kuliko huo mlima. Tangulia."

Walicheka njia nzima. Walitaniana kuhusu magoti, waume, na daktari mmoja aliyeogopa sindano. Mimi nilikuwa nyuma na kitambaa changu, nikijibu kila kona. Lakini ukungu ulikuwa unameza kitambaa, na mara mbili Mjomba alirudi hadi katikati ya mstari ndipo akaniona. Nilijua kwamba leo njia yangu haifanyi kazi. Nilijua, na nikaendelea kutembea, kwa sababu sikujua jinsi ya kulisema.

Tukafika kijitoni. Maji yalikuwa yamepanda kidogo, mawe yote bado yanaonekana. Desturi ya Mjomba ni kuvuka kwanza peke yake, akijaribu kila jiwe kwa fimbo, halafu anageuka na kuwaita wageni mmoja mmoja. Akaanza kuvuka. Sista akakanyaga jiwe la kwanza nyuma yake, bila kungoja, na mwenzake mmoja akamfuata.

Ndipo nikausikia mngurumo. Mwanzoni nilidhani ni lori. Lori likimwaga kokoto, mbali, upande wa juu. Lakini kule juu hakuna barabara.

Mkia kazi yake ni kubaki nyuma. Mkia hapiti watu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha.

"Rudini!" Sikuwahi kutoa sauti ile. Sijui ilikuwa wapi siku zote hizo. "Maji yanakuja, rudini!"

Sista alikuwa na miaka mingi ya kutii sauti za namna ile. Alimshika mwenzake kwapani, wakarudi ukingoni. Wote walinisikia, wa mbele kabisa na wa nyuma. Mjomba alikuwa katikati ya kijito, mgongo kwetu, anagonga jiwe kwa fimbo kuona kama linacheza.

Nikakimbia nikiwapita. Nikaita Mjomba, Mjomba, nikijua ni bure, mdomo unaita tu. Mngurumo ulikuwa karibu sasa, hata ardhi iliusikia. Nikaokota jiwe, nikalitupa juu ya bega lake. Likatumbukia mbele yake na kumrushia maji usoni.

Akageuka amekasirika. Kwanza aliniona mimi, mikono juu. Kisha akaona nyuso za wale wanawake. Kisha akatazama juu mtoni, na nikaona uso wake ukielewa.

Alirudi kwa kuruka. Jiwe la kwanza, la pili. Kwenye la mwisho maji yalimkuta. Fimbo ilikwenda, kofia ikaenda, mguu mmoja ukaenda, na mimi nilikuwa nimemshika ukosi wa koti na Sista amenishika mimi kiuno na wauguzi wote wamemshika Sista. Tulianguka matopeni kwa pamoja kama magunia. Gogo kubwa lilipita pale alipokuwa amesimama.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikaa, amelowa, goti linavuja damu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wote wapo?"

Nikainua mkono wenye kitambaa.

Sista alifunga goti lake vizuri sana, bila haraka. Alipomaliza akazunguka nyuma yake, akapeleka vidole karibu na sikio lake la kulia na kuvialisha, ta! Kisha sikio la kushoto. Mjomba alikuwa anatazama maji.

Sista akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

Aprili 18

Njia imefungwa. Mlango wa Mjomba pia.

Redio iko kimya. Mtaa mzima umeusikia huo ukimya. Jirani amekuja kuuliza kama kuna msiba.

Aprili 19

Tumeitwa ofisini kwa Mhifadhi, chumba chenye ramani ya msitu ukutani na ndoo sakafuni inayopokea matone ya dari. Nilidhani ningeulizwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema kosa ni langu, kwamba nilimsaidia kuficha. Lakini Mjomba hakungoja mtu aanze.

"Sisikii," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Kwanza walitoweka ndege wadogo. Halafu maji. Watu ndio wa mwisho, na ninyi nawasoma midomo."

Matone yakaendelea kuingia kwenye ndoo. Mhifadhi alivua kofia yake akaiweka mezani. Si mtu mbaya. Alizungumza akimtazama usoni, polepole, na nikaona kwamba alikuwa anaumia.

"Mbele huendi tena, mzee wangu. Nikikuruhusu, nitakuwa nimeua mtu. Utakaa langoni, na mama wa tiketi."

"Langoni hakuna njia," Mjomba akasema.

"Langoni kuna kiti."

"Ndicho ninachosema."

"Na mbele nimweke nani? Njia ikikauka nitatafuta mtu."

Mjomba akaninyooshea kidole. Mhifadhi alitaka kucheka, akajizuia. "Huyu hata salamu huitikia kwa kope."

Sijui kwa nini nilifungua mdomo. "Nitakwenda mbele," nikasema, "kama yeye ndiye atakuwa mkia."

Mhifadhi akanigeukia. "Wauguzi wamenieleza ulivyopaza sauti, sikatai. Lakini nieleze. Mkia asiyesikia utamwitaje?"

Ametupa muda wa kutafuta jibu hadi njia itakapofunguliwa. Tusipolipata, Mjomba anakaa kwenye kiti.

Aprili 23

Tumekwenda kukagua njia, mimi na yeye. Nilitembea mbele, kwa amri yake. Alinifundisha kwa kunigonga bega: hapa punguza mwendo, hapa wasubiri wenye magoti, mzizi huu umevunja vifundo vitatu.

Kwenye mti uliopasuka nikasimama. Akauliza, "Yupo leo?"

Nikatikisa kichwa. Hayupo. Nikamshika mkono, nikamrudisha hadi kwenye kichaka cha upande wa chini wa kijito. Kurumbiza alikuwa anaimba hapo kana kwamba analipwa.

"Amehamia huku?" Niliitika. "Tangu lini?" Tangu nimeanza kazi, isipokuwa siku moja. Mjomba akacheka mpaka akashika goti lake bovu. "Kwa hiyo nimewasikilizisha watu majani. Na walikuwa wanashukuru."

Halafu akakaa kwenye gogo, na akasema jambo ambalo naliandika kama lilivyotoka.

"Mama yako hakuniomba kazi. Mimi ndiye niliyekuomba kwake. Nilimwambia, nipe yule mtoto anayenyamaza, watu wanaonyamaza wanasikia. Nilitaka masikio yako. Halafu ulipojibu na nisikusikie, nikaona ni rahisi zaidi kuwa kosa lako." Alikuwa anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti. "Ulikuwa na sauti nzuri tangu siku ya kwanza, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

Alinisoma mdomo. Sijawahi kusema ndiyo kubwa namna ile.

Aprili 26

Hospitalini wamempima. Wamesema kipo kifaa cha kuvaa sikioni, arudi baada ya mvua, lakini ndege wadogo hawatarudi. Amesema sawa.

Aprili 28

Nimefikiria filimbi, kengele, kamba ndefu. Filimbi hatasikia. Kengele itafukuza wanyama. Kamba, Mama anasema, ni ya mbuzi.

Mei 1

Nimepata.

Mvua ilipopungua, sisimizi walitoka kwenye ufa wa ukuta wa jiko, mstari mmoja hadi kwenye sukari. Niliwatazama badala ya kuwaua, na Mama akanitazama mimi kwa wasiwasi. Kila anayekutana na mwenzake anamgusa kichwa. Anamgusa, anapita, naye anamgusa wa nyuma yake. Hakuna anayepiga kelele na hakuna anayepotea.

Nikavuka ua mbio. Wa mbele akiita "Mkia?" kila mgeni anageuka na kumgusa bega aliye nyuma yake. Mguso unashuka mstari mzima hadi kwa Mjomba. Naye anajibu kwa mdomo. Sauti anayo. Na mgeni akiwa amebaki, mguso utakomea hapo hapo, na tutajua ni wapi.

Mjomba alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akasema, "Jina nilikupa mimi. Hilo wazo nusu ni langu."

Mei 6

Leo njia imefunguliwa. Mhifadhi alikuja kujionea, akaingia katikati ya mstari na buti zake safi. Sista na wenzake walirudi pia. Alisema wodi yake haijawahi kuacha kazi nusu. Nyuma kabisa alikuwa Mjomba na fimbo mpya.

Nilipanda wa kwanza chini ya miti. Mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu yeyote, majani tu na njia.

Kona ya kwanza nikasimama. Siwaoni wa mwisho; ukuta wa majani umewafunika. "Mkia?" nikaita.

Nikamgeukia Sista nikamgusa bega. Sista akageuka akamgusa wa nyuma yake, kwa nguvu kama anayempa dawa. Mguso ukaenda, bega kwa bega. Nikamwona Mhifadhi akiupokea na kuupeleka. Kisha ukaingia nyuma ya majani, sikuuona tena.

Kimya.

Matone yalidondoka. Kimya maana yake kuna mtu amebaki. Sikuwahi kujua ni kirefu kiasi gani unapokisikiliza ukiwa mbele. Yeye alikisikiliza hivi kila kona, siku zote zile, na kila mara akarudi kunitafuta. Mguu wangu ulikwisha kuinuka kwenda nyuma.

"MKIA UPO!"

Asiyesikia hajui kipimo cha sauti yake. Ndege walitoka kwenye miti yote kwa wakati mmoja. Mbega mmoja alikosea tawi. Mhifadhi aliziba masikio, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi ashike mti.

"Huyo," Sista akasema akirekebisha miwani, "amesikika hadi mochwari."

Nikageuka mbele na kuendelea kupanda. Kwenye kichaka cha kurumbiza, upande wa chini wa kijito, nikasimama, nikashika ukingo wa kofia yangu. Nikanong'ona, na wote wakanisikia.

Mei 7

Koo linaniuma kwa kuongea. Mama amewaambia majirani wote.